Samansi imegoma kumfikia mtu aliye jimbo lingine Marekani? Tafuta kosa liko wapi kabla hujatuma tena

Umefungua kesi Texas na mtu mwenyewe kashahamia Ohio, au wewe uko Seattle na baba watoto yuko Atlanta, umetuma karatasi za korti zimerudi, umetuma tena kimya, halafu siku unasema sasa niombe hukumu ya upande mmoja, ile inayotolewa mwenzio asipojitokeza, karani anakwambia haiwezekani, mlalamikiwa hajafikishiwa samansi, yaani wito wa korti, kihalali. Na wewe unajua kabisa kazipata maana kakupigia simu na matusi juu.

Hapo ndo wengi wanachanganyikiwa. Korti za Marekani haziulizi tu kama jamaa anajua kuna kesi. Zinauliza kama alijulishwa kwa njia ambayo sheria imeiruhusu, na mtu anayeruhusiwa kupeleka, na kama kuna karatasi korti inayoonyesha hivyo. Skrinishoti ya WhatsApp aliyoandika "nimeona makaratasi yako" peke yake mara nyingi haitoshi.

Kwa hiyo kosa linakaa sehemu moja kati ya nne: korti yenyewe haina mamlaka juu ya mtu wa jimbo lingine, au njia uliyotumia siyo, au aliyepeleka siye, au alipeleka vizuri ila uthibitisho umejazwa vibaya. Hayo matatu ya mwisho yanarekebishika kwa kurudia vizuri. Lile la kwanza halirekebishiki hata utume mara mia.

Na swali ambalo kila mtu anauliza, nifuate sheria za jimbo gani, langu au lake? Anza na za jimbo ambalo kesi imefunguliwa. Kesi iko Texas, mtu yuko California, unasoma sheria za Texas za kumfikia mtu wa nje. Korti za shirikisho ndo zina uhuru zaidi, kanuni yao ya 4 inakuruhusu utumie njia za jimbo la korti au za jimbo ambalo karatasi zinapelekwa. Mimi si wakili, na hizi kanuni zinarekebishwa kila baada ya muda, kwa hiyo namba yoyote utakayoiona hapa ihakiki kwenye ukurasa wa korti yako kabla hujalipia stempu.

Dalili: kazipata, hakatai, ila anasema korti yenu haimhusu

Naanza na hili kwa sababu ndo linalokula hela za watu bure, mtu analipia kupeleka karatasi mara mbili mara tatu wakati shida haikuwa kupeleka.

Tangu 1945, kwenye kesi ya International Shoe, Mahakama ya Juu ya Marekani inasema jimbo haliwezi kumburuta mtu wa nje kortini kwake mpaka huyo mtu awe na uhusiano fulani wa maana na hilo jimbo. Kaishi hapo, kafanya biashara hapo, kakugonga na gari hapo (hili la gari lilikubaliwa zamani sana, 1927), au kakubali mwenyewe.

Kwenye mambo ya familia kesi ya kuikumbuka ni Kulko ya 1978. Mume na mke waliishi New York, wakaachana, mama akahamia California, binti akataka kwenda kuishi na mama yake na baba akamnunulia tiketi ya ndege ya kwenda bila kurudi. Mama akafungua kesi California kudai matunzo. Baba alikuwa anajua kila kitu, karatasi kazipata, na bado Mahakama ya Juu ikasema California haina mamlaka juu yake, kumruhusu mtoto aende kwa mama yake hakumfanyi yeye mtu wa California.

Sasa tiba. Kama unachodai ni matunzo ya mtoto, kuna sheria inaitwa UIFSA na majimbo yote yameipitisha. Inataja wazi lini jimbo lako linaweza kumshika mzazi wa nje: alipewa karatasi akiwa ndani ya jimbo, alikubali, aliwahi kuishi na mtoto hapo, aliishi hapo akawa analipia gharama za ujauzito au matunzo, mtoto yuko hapo kwa sababu ya matendo yake yeye, au mimba inawezekana iliingia hapo hapo. Kwa hiyo kama mliishi wote Dallas na yeye ndo akakimbilia Columbus, Texas inaweza kumshika. Kama yeye Texas hajawahi hata kukanyaga na wewe ndo ulihama na watoto, usishindane na Kulko, nenda ofisi ya chaild sapoti ya jimbo lako uwaambie mzazi mwenzio yuko jimbo fulani, faili linatumwa kule, na korti ya kule kule ndo inampelekea karatasi nyumbani kwake. Watu wanaikwepa hii njia eti ni ndefu. Ni ndefu kweli, lakini inafika.

Talaka ina utamu wake na uchungu wake. Korti ya jimbo unaloishi inaweza kuvunja ndoa hata kama mwenzio hajawahi kufika hapo, ilimradi kajulishwa ipasavyo. Lakini kumwamuru alipe hela au kumnyang'anya haki zake za mali bila kuwa na mamlaka juu yake, hapana. Ndo maana unakuta mtu anatoka kortini na talaka mkononi, matunzo ya mke sifuri, anadhani hakimu kamuonea.

Ulezi wa mtoto ni tofauti tena. Kinachoangaliwa hapo ni mtoto aliishi jimbo gani miezi sita kabla ya kesi. Mzazi wa nje anatakiwa ajulishwe na apewe nafasi ya kusikilizwa, basi, na kwa sheria inayotumika karibu majimbo yote unaweza kumjulisha kwa njia za jimbo lako au za jimbo alipo. Yaani hapa una njia mbili, zitumie.

Kuna na ile ya kumvizia akija kutembea. Inafanya kazi. Mwaka 1990, kesi ya Burnham, baba wa New Jersey alienda California kikazi akapitia kuwaona watoto, akakabidhiwa karatasi za talaka huko huko, na Mahakama ya Juu ikasema sawa. Ila usimdanganye ili aje. Kuna mwanamke wa Florida alimwambia mpenzi wake wa New York kwamba mama yake yuko mahututi Ireland, anaondoka, aje amuone mara ya mwisho. Jamaa kashuka ndege Miami asubuhi kabisa, naibu sherifu anamsubiri na karatasi. Florida ikampa yule mwanamke hukumu ya dola 500,000, na mwaka 1937 korti ya rufaa ya shirikisho huko New York ikaikataa kabisa kwa sababu mtu aliletwa kwa ulaghai. Kwa hiyo kumwambia njoo kuna msiba wakati hamna msiba, usithubutu.

Dalili: barua ya kusainiwa imerudi, au kasaini mtu mwingine

Barua ya satifaidi (certified mail) yenye risiti ya kurudishwa, ile kadi ya kijani ya posta (si ile ya uhamiaji jamani), ndo njia ya bei nafuu ya kumfikia mtu aliye mbali. Ila majimbo hayafanani hata kidogo hapa na ndo watu wanapopotezana, ndugu yako wa Columbus anakwambia mbona mimi ilikubali, wewe uko Houston imekataliwa, na wote mko sahihi.

Ohio, anayetuma ni karani wa korti, na saini ya mtu yeyote aliyepokea kwenye anuani hiyo inatosha. Texas, risiti lazima iwe na saini ya mlengwa mwenyewe. Mke wake kasaini, shemeji kasaini, mlinzi wa jengo kasaini, hiyo imekufa, na hata kama hakimu atakupa hukumu leo itakuja kuvunjwa baadaye. California kwa mtu wa nje ya jimbo unaweza kutuma kwa posta ya kawaida ya daraja la kwanza yenye kuomba risiti, na inahesabika imefika siku ya 10 baada ya kutuma, ila ukienda kuomba hukumu lazima uonyeshe kwamba ilimfikia kweli, kwa risiti iliyosainiwa au ushahidi mwingine. Watu wa California wanaishika ile siku ya 10 wanasahau hiyo sehemu ya pili.

Ushauri wangu, hata kama jimbo lako halilazimishi, lipia ile huduma ya posta ambayo barua anapewa aliyeandikwa tu. Hela kidogo, inakuokolea miezi.

Sasa angalia bahasha iliyorudi imegongwa muhuri gani, maana kila muhuri una dawa yake.

Kama haijachukuliwa, yaani posta waliacha kikaratasi mlangoni na jamaa hakwenda: Ohio unaandika ombi karani atume tena kwa posta ya kawaida na cheti cha kutuma, na ikiwa hiyo haikurudi basi imehesabika. Ukisahau kuandika ombi hamna anayekukumbusha, faili linalala tu. Majimbo mengi mengine yanataka uhamie njia nyingine, mtu wa kumkabidhi mkononi. Usiishie hapo ukasema nimetuma, shauri lake. Mwaka 2006 kwenye kesi ya Jones dhidi ya Flowers serikali ya Arkansas ilimtumia mtu barua kwamba nyumba yake itauzwa kwa sababu ya kodi ya serikali isiyolipwa, zikarudi hazijachukuliwa, wakauza. Mahakama ya Juu ikasema ukishajua barua imerudi na kuna hatua nyingine rahisi ya kuchukua, ichukue.

Kama kakataa kupokea, hiyo ni habari nzuri kuliko inavyoonekana, maana inaonyesha anuani ni sahihi na mtu yupo. Ihifadhi hiyo bahasha kama ilivyo, usiifungue. Itakuja kukusaidia mbele ya hakimu.

Kama kahama, au una sanduku la posta tu na hujui anaishi wapi: posta ya Marekani ina utaratibu wa kutoa anuani mpya ya mtu au anuani ya mwenye sanduku kwa ajili ya kupeleka hati za korti. Unaandika ombi kwa posta ya zip kodi hiyo, unataja kesi, korti, na wewe ni nani kwenye kesi. Wachache sana wanaijua hii, wanakimbilia kulipia tovuti za kutafuta watu zinazowapa anuani ya 2016.

Dalili: mpelekaji kaenda mara tatu, taa zinawaka, hamna anayefungua

Kumkabidhi mkononi ndo njia inayokubalika karibu kila mahali, kwa hiyo kama una uwezo anzia hapo badala ya posta. Unaweza kutumia sherifu wa kaunti anayoishi yeye (si ya kwako), wengi wana kitengo cha kesi za madai, unatuma nakala, malipo, na bahasha yenye anuani yako warudishie uthibitisho. Wapigie kwanza. Wengine hawapokei cheki binafsi, wanataka mani oda, na karatasi zako zinakaa mezani wiki tatu kwa ajili ya hilo tu. Au unatumia prosesi seva, mtu binafsi anayefanya kazi hiyo.

Tatizo ni mtu anayejificha. Kila jimbo lina njia mbadala, na karibu zote zinaanza na kitu kimoja, onyesha ulijaribu kweli. Hapa ndo mpelekaji mvivu anakuponza. Kwenda mara tatu, zote saa nne asubuhi siku za kazi, wakati jamaa yuko wearhausi, hiyo si kujaribu. Mwambie aende asubuhi mapema, jioni, na wikiendi, aandike tarehe, saa, alichoona, gari gani lilikuwa limepaki, jirani kasema nini.

Ukishakuwa na hiyo rekodi, California inakuruhusu umwachie mtu mzima mwenye akili timamu anayeishi hapo nyumbani, umweleze ni nini, kisha utume nakala kwa posta anuani hiyo hiyo, na inahesabika siku ya 10 baada ya kutuma. Huombi ruhusa kwanza. Texas huwezi kufanya hivyo bila amri ya hakimu, unapeleka ombi na kiapo kinachotaja anuani na kila jaribio, hakimu anasaini ndo mpelekaji anaweza kumwachia mtu wa zaidi ya miaka 16 hapo au kubandika mlangoni kama amri inavyosema. Ukimwachia mtoto wake mkubwa kabla ya amri, umejisumbua. New York wana ile ya kubandika mlangoni na kutuma kwa posta, ila kwenye talaka lazima akabidhiwe mwenyewe mpaka hakimu aseme vinginevyo.

Na Facebook, WhatsApp, imeili? Inawezekana siku hizi, lakini kwa amri ya korti, siyo unajiamulia. Mwaka 2015 jaji wa Manhattan alimruhusu mke ambaye hakuwa na anuani yoyote ya mumewe amtumie karatasi za talaka kwa meseji ya Facebook. Texas kanuni zao zinataja mitandao ya kijamii waziwazi tangu mwisho wa 2020. Hakimu atataka kujua kama hiyo akaunti ni yake kweli na kama anaitumia, kwa hiyo piga picha ya posti zake za juzi juzi.

Tangazo gazetini iwe ya mwisho kabisa. Ni ghali, na hakimu atakuuliza ulimtafuta wapi na wapi, uliuliza ndugu, kazini kwake, jela, posta. Na hata ukikubaliwa, kwa mtu wa jimbo lingine tangazo mara nyingi linakupa talaka yenyewe bila amri za hela.

Dalili: karatasi kakabidhiwa, ila aliyekabidhi ana kasoro

Wewe mwenye kesi huwezi kupeleka mwenyewe, hata kama mnakutana kila Ijumaa mkibadilishana watoto. Korti za shirikisho zinataka mtu wa miaka 18 au zaidi asiyehusika kwenye kesi, na majimbo mengi yako hivyo hivyo.

Texas ina ajabu yake. Ndani ya jimbo mpelekaji awe sherifu, konstebo, mtu mwenye cheti au aliyeruhusiwa na korti. Nje ya jimbo, kanuni ya 108 inakubali mtu yeyote asiye na maslahi kwenye kesi. Kwa hiyo binamu yako wa Indianapolis ambaye Houston angekataliwa, Indiana anaweza kufaa, ila kama ndo huyo binamu anayekudai ile hela ya gari mnayoigombania, ana maslahi. New York wanakubali mtu yeyote ambaye sheria za jimbo alipo mlengwa zinamruhusu kupeleka, hivyo soma za kule.

Angalia na siku. New York, Florida na Texas zina makatazo ya kupeleka samansi Jumapili. Wabongo tunapenda Jumapili maana ndo tunajua mtu yuko nyumbani baada ya ibada. Peleka Jumamosi.

Dalili: kila kitu kilifanyika sawa, karani au hakimu kakataa uthibitisho

Kwa maoni yangu hapa ndo kesi nyingi za watu wasio na wakili zinapofia, na inauma kwa sababu kazi ngumu ilishaisha.

Majina kwanza. Sisi majina yetu yanaruka ruka, kwenye pasi ni Hamisi Juma Athumani, kwenye leseni Hamisi Athumani, kazini Hamis Juma. Texas wamewahi kufuta hukumu mwaka 1985 kwa sababu dai lilimtaja mtu akiwa na "Jr." mwisho wa jina na samansi ikatoka bila hiyo "Jr.". Herufi mbili tu! Chukua dai, samansi, na fomu ya uthibitisho, viweke mezani pamoja, soma jina herufi kwa herufi, na kama mtu ana majina mawili waambie korti tangu mwanzo waandike "anayejulikana pia kama".

Kiapo cha mpelekaji wa jimbo lingine nacho kina mitego. California, mtu akisaini tamko akiwa nje ya jimbo lazima liseme anaapa chini ya sheria za Jimbo la California, yuko Ohio au yuko mwezini. Fomu yao ya uthibitisho, POS-010, imeshachapwa hayo maneno, ila sherifu wa kule anakuwa na fomu yake mwenyewe, anakuletea hiyo, maneno hayamo. Mtumie fomu yako pamoja na karatasi umwombe aisaini. New York zamani walikuwa wanataka kiapo cha notari wa nje kiambatane na cheti cha ziada, mawakili walikuwa wanagombania hilo mpaka basi. Tangu 1 Januari 2024 mtu yeyote popote anaweza kutoa tamko chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwa sheria za New York, maneno yenyewe yako kwenye CPLR 2106 (CPLR ni sheria yao ya uendeshaji wa kesi za madai), nakili kama yalivyo.

Washington wana kitu ambacho usipoambiwa huwezi kukijua: kama unamshika mtu wa nje kwa sheria yao ya mkono mrefu, lazima uweke kortini hati ya kiapo kwamba asingeweza kupatikana na kupewa karatasi ndani ya Washington. Ni ukurasa mmoja. Bila huo, kumkabidhi kule Georgia hakuhesabiki, na lazima uwe umeuweka kabla ya hukumu. Kama uko Seattle au Kent na faili lako limekwama huelewi kwa nini, angalia hapo kwanza.

Texas uthibitisho ukae kwenye faili siku 10 kabla ya hukumu ya upande mmoja kutolewa, na kama mpelekaji si afisa lazima auapie au asaini chini ya adhabu ya uongo.

Halafu kuna hili la wanajeshi, liko nchi nzima. Kabla ya hukumu ya mtu ambaye hajajitokeza, sheria ya shirikisho inayowalinda wanajeshi inataka uape kama yuko jeshini au hayuko, au kwamba umeshindwa kujua. "Simjui kuvaa kombati" haitoshi. Wizara ya ulinzi ina tovuti ya bure ya kuangalia, unaingiza jina la ukoo na tarehe ya kuzaliwa au namba ya soshio, inakupa karatasi unaiambatanisha.

Dalili: umewahi mno, au umechelewa

Mtu wa nje mara nyingi ana siku nyingi zaidi za kujibu, ukiomba hukumu kabla hazijaisha unarudishwa. Washington aliye ndani ana siku 20, aliyepewa nje ya jimbo ana 60. California ni 30, na kama ulituma kwa posta kumbuka zile 10 zinaongezwa mbele. Ohio 28. Texas hawana tofauti ya ndani na nje, ila hesabu yao ya kipekee: Jumatatu ya kwanza baada ya siku 20 kupita, saa nne asubuhi.

Na wewe una muda wa kumfikia. Korti za shirikisho ni siku 90 tangu kufungua, New York 120. Ukiona zinakaribia kuisha, omba nyongeza kabla, na ambatanisha ile rekodi ya majaribio.

Kama mtu hana ugomvi na wewe mwambie tu asaini kuacha haki ya kupelekewa. Kwenye korti ya shirikisho unamtumia ombi, anapata angalau siku 30 za kulirudisha na akikubali anapata siku 60 za kujibu badala ya 21, akikataa bila sababu nzuri gharama za kumpelekea analipa yeye. Majimbo mengi yana fomu zinazofanana. Wabongo wawili wanaoachana kwa amani hawana haja ya sherifu.

Shahidi aliye jimbo lingine ni habari nyingine kabisa, wito wa shahidi wa korti ya jimbo lako haumbani kule hata umkabidhi mkononi, unaupeleka kwa karani wa kaunti aliyopo atoe wa kwake. Kampuni usiifuate dukani, tafuta wakala wake aliyesajiliwa kwenye tovuti ya katibu wa jimbo. Na mtu akishatoka nje ya Marekani, karudi Dar au Bujumbura, hayo yote hapo juu yanabadilika, unaanza na kuangalia kama nchi hiyo imo kwenye mkataba wa Hague wa 1965 wa kupeleka hati.

Na kama wewe ndo umeletewa, kutoka jimbo ambalo huishi

Usiziweke kwenye droo. Hukumu ya jimbo lingine inasajiliwa kwako na mshahara unakatwa. Kama unaona korti ile haina mamlaka juu yako au ulipelekewa kihuni, lazima useme hivyo mwanzoni kabisa, kabla hujajibu chochote kingine. Texas ile fomu ya kupinga mamlaka inatangulia majibu mengine yote, California una mosheni, yaani ombi kwa hakimu, ya kufuta samansi ndani ya muda wako wa kujibu, shirikisho usipolitaja kwenye jibu lako la kwanza limekwenda. Kupiga simu kwa karani ukaeleza kwa mdomo si kujibu, atakusikiliza vizuri na faili litaonyesha hukujitokeza.

Kama hukumu imeshatoka na hukuwahi kufikishiwa ipasavyo, bado kuna mlango. Mwaka 1988, kesi ya Peralta iliyotoka Texas, mtu alihukumiwa kwa deni la hospitali la kama dola 5,600, mali yake isiyohamishika ikauzwa, na samansi haikuwa imefikishwa sawasawa. Korti za Texas zikamwambia hata ungefikishiwa usingekuwa na utetezi. Mahakama ya Juu ikasema hilo halimhusu mtu, angeambiwa mapema angeweza kulipa, au kupatana, au kuiuza mali hiyo mwenyewe. Kwa hiyo omba karani nakala ya fomu ya uthibitisho ya mpelekaji kabla ya karatasi nyingine yoyote kwenye faili, uangalie anadai alikukabidhi wapi, saa ngapi, na kwa jina gani.